Lita 37 za Mafuta Zimekwenda Wapi?

Mama mmoja anayekamua alizeti kando ya barabara ya Iringa kwenda Makambako aliniuliza swali ambalo miaka yote ya darasani hakuna mwalimu aliyeniuliza. Nilikuwa nimeweka kompyuta mpakato juu ya gunia la mashudu, namwonyesha video ya tangi lake la kutulizia mafuta, tangi ambalo fundi alikuwa hajalichomelea bado. Yeye huyaosha mafuta kwa maji moto, kisha huyaacha yatulie mpaka maji yashuke chini na uchafu wake. Kwenye kioo, mafuta ya njano yaliingia kwa juu, yakapiga maji ya bluu, yakavunjika matone, yakapanda tena, yakatulia. Dakika tatu za tangi, na kompyuta ilizipika usiku kucha.

Alitazama kimya mpaka mwisho. Halafu akainama kusoma namba ndogo pembeni.

"Mwanangu, mwanzo uliniambia tumetia lita mia mbili."

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona hapa pameandikwa mia na sitini na tatu? Tangi langu linavuja hata kabla halijatengenezwa?"

Vijana wa mashine waliangua kicheko. Mimi nilianza kueleza, nikajikuta najing'atang'ata, maana namba ile nilikuwa nimeiona tangu alfajiri nikaipuuza. Video ilikuwa nzuri mno. Mstari kati ya njano na bluu ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Tangi halikuvuja popote. Programu ndiyo iliyokuwa inakula mafuta, tone baada ya tone, na ilikuwa inafanya hivyo kwa kufuata kanuni nilizoichagulia mwenyewe.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja, na najua wenzangu kadhaa hawaupendi: picha yoyote ya uigaji wa kompyuta yenye vitu viwili au vitatu visivyochanganyika, iwe ya tangi, bomba au mlango wa bwawa, isipokelewe mezani mpaka mletaji aseme programu yake inalinda nini. Inalinda ujazo, au inalinda mstari? Kulinda vyote viwili kikamilifu ni kazi ngumu kuliko picha zinavyotudanganya, na kwa kawaida kimoja kimetolewa kafara bila mteja kuambiwa.

Tuanze na shida yenyewe. Kompyuta haioni mafuta wala maji. Inakata nafasi yote ya tangi kuwa vijumba, tuseme vya sentimita moja kila upande, na kwa kila kijumba inaweka namba. Chukua kijumba kimoja ambacho mafuta yamejaza asilimia 40 na maji asilimia 60. Mafuta yako wapi humo? Yanaweza kuwa tabaka juu ya maji. Yanaweza kuwa yameegemea ukuta wa kushoto. Yanaweza kuwa tone moja katikati. Namba ni ile ile, 40. Ni kama daftari la mtendaji wa kijiji lililoandikwa kwamba katika eneo hili la ekari kumi, mzee fulani ana ekari nne. Hesabu ni sahihi, lakini ukienda shambani na jembe hujui uanzie wapi.

Mbinu hii ya daftari ndiyo iliyoenea kuliko zote. Wamarekani C. W. Hirt na B. D. Nichols waliichapisha mwaka 1981 na kuiita kwa kifupi VOF (volume of fluid, yaani ujazo wa kimiminika), na mpaka leo ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa uigaji wa mawimbi, mabwawa na matangi. Kabla yao, mwaka 1976, Noh na Woodward walikuwa wanachora mpaka ndani ya kila kijumba kwa mstari ulionyooka sambamba na kuta zake tu, wima au mlalo, hivyo mpaka mzima ulifanana na ngazi. Mwaka 1982 Mwingereza David Youngs akaruhusu mstari uinamie upande. Alijuaje uiname kiasi gani? Aliuliza majirani. Kijumba cha juu kikiwa na mafuta mengi na cha kulia kikiwa na machache, basi mteremko unaelekea huku. Mtendaji mwenye akili naye angefanya hivyo hivyo.

Uzuri wa daftari ni kwamba likitunzwa vizuri halipotezi kitu. Kinachotoka kijumba hiki kinaandikwa kwenye kijumba kile. Ubaya wake unaonekana ukilihamisha kizembe. Nitauonyesha kwa namba, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huangukia bila kujua.

Weka vijumba sita kwenye mstari. Vitatu vya kwanza vimejaa mafuta, vitatu vinavyofuata ni vitupu: 1, 1, 1, 0, 0, 0. Mafuta yanasukumwa kulia nusu ya kijumba kwa kila hatua, na mengine yanaingia kutoka kushoto kujaza nafasi. Hatua ya kwanza: 1, 1, 1, 0.5, 0, 0. Sawa kabisa. Hatua ya pili ilipaswa kujaza kijumba cha nne kizima na kuacha cha tano kitupu. Lakini programu isiyochora mstari, inayojua wastani tu, inadhani ile nusu ya mafuta imetapakaa kijumba kizima, kwa hiyo inairuhusu robo ivuke mapema. Unapata 1, 1, 1, 0.75, 0.25, 0. Hatua ya tatu: 1, 1, 1, 0.875, 0.5, 0.125. Jumlisha. Ni 4.5, sawasawa na inavyotakiwa. Hakuna tone lililopotea, ila mpaka uliokuwa mkali kama wembe sasa umelala kwenye vijumba vitatu, na baada ya hatua elfu moja utakuwa uji. Ukitazama picha utaapa kwamba mafuta na maji yameungana, jambo ambalo hata mtoto wa mama yule anajua haliwezekani.

Youngs aliondoa sehemu kubwa ya uji huo kwa kuchora mstari kwanza, ndipo asogeze. Programu nyingine hutumia njia ya mkato. OpenFOAM, ambayo tangu mwaka 2004 ni ya bure na ndiyo kimbilio la wengi wetu tusio na fedha za leseni, ina kipimo cha kuubana huo mpaka usitapakae. Ukikiweka sifuri unapata uji. Ukikiongeza kupita kiasi, mpaka unaanza kukunjamana mikunjo ambayo haipo kwenye tangi lolote duniani. Wanafunzi hunakili namba 1 kutoka faili la mfano na kusonga mbele. Siwalaumu sana, nami nilianza hivyo hivyo.

Njia ya pili ni ya vigingi. Badala ya kuhesabu nani ana kiasi gani, unapigilia vigingi kwenye mpaka wenyewe, kisha unavisogeza na mkondo. Mizizi yake ni ya zamani: mwaka 1965 kule Los Alamos, maabara ya utafiti ya Marekani, Harlow na Welch walimwaga kwenye kimiminika chao cha hesabu chembe zisizo na uzito, kila zilipo ndipo palipo na maji. Mwaka 1992 Unverdi na Tryggvason waliunganisha vigingi kwa kamba, wakapata mpaka safi sana kwa mapovu na matone. Shida ya vigingi anaijua kila aliyewahi kuwa na shamba: mashamba mawili yakiunganishwa, lazima mtu aende kung'oa. Matone mawili yakikutana, programu haijui kwamba sasa ni tone moja mpaka mwandishi wake awe ameandika sheria ya kung'oa na kufunga upya. Kwa tangi lenye matone elfu yanayopasuka na kuungana, hiyo ni kazi ya kumtoa mtu mvi.

Ya tatu ndiyo iliyonipunja lita 37, na kusema kweli ndiyo ninayoipenda zaidi. Fikiria msitu ambao kila mti una kibao kinachosema uko mita ngapi kutoka mtoni. Miti ya ng'ambo hii imeandikwa namba chanya, ya ng'ambo ile hasi. Hakuna aliyechora mto, lakini unajua ulipo: ni pale namba zinapopita sifuri. Osher na Sethian walilileta wazo hili mwaka 1988, nasi mafundi tunaiita leveli seti. Matone yanaungana na kuachana yenyewe, hakuna kigingi cha kung'oa. Mteremko na mkunjo wa mpaka unausoma moja kwa moja kwenye vibao, na mkunjo ndio unaohitajika kupata nguvu ya ule utando wa juu unaolifanya tone liwe duara.

Lakini hakuna mti hata mmoja unaotunza hesabu ya lita. Namba za vibao huharibika zikisukumwa na mkondo, hivyo kila baada ya hatua chache inabidi zipimwe upya, na kila kupima upya kunanyoa mpaka kidogo. Tone kubwa linanyolewa nywele. Tone lenye upana wa kijumba kimoja linanyolewa kichwa: likishakuwa dogo kiasi cha kupenya kati ya miti miwili bila kugusa wowote, limetoweka, na programu haitoi hata onyo. Tangi la mama yule lilikuwa linatengeneza matone ya aina hiyo kila sekunde. Ningekuwa na akili ningeuliza kabla ya kulala, "Je, kitu ninachokiiga kinavunjika vipande vidogo?" Jibu likiwa ndiyo, mbinu hii peke yake si ya kuaminiwa na vijumba vya sentimita moja.

Wapo walioziozesha mbinu ya daftari na hii ya vibao. Sussman na Puckett, mwaka 2000, waliacha daftari litunze ujazo na vibao vitoe umbo. Inafanya kazi vizuri, na inagharimu. Na wapo wanaosema dawa ni kupunguza vijumba. Sawa, lakini tufanye hesabu. Ukikata upande wa kijumba nusu, vijumba vinakuwa mara nane, na hatua za muda nazo lazima ziwe fupi kwa nusu, kwa hiyo kazi yote ni mara kumi na sita. Usiku wangu mmoja wa saa kumi unakuwa saa 160, karibu wiki nzima bila umeme kukatika. Nani hapa Uyole, Mbeya, ana wiki nzima bila umeme kukatika?

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba tangi lina vitu viwili. Lina vitatu: mafuta, maji, na hewa juu yake. Na hapa ndipo ninapoona ripoti nyingi zikiteleza, maana programu iliyoandikwa kwa viwili ikipanuliwa kuwa vitatu haitangazi kwamba imeanza kubahatisha.

Kijumba kina maji asilimia 50, mafuta 30, hewa 20. Njia ya kawaida ni ya kumenya kitunguu: chora mstari wa maji kwanza, katika kilichobaki chora wa mafuta, mabaki yote ni hewa. Vitu vikiwa vimelala tabaka juu ya tabaka hakuna tatizo. Nenda sasa kwenye kona ambapo vyote vitatu vinakutana, kwenye ukingo wa tone la mafuta lililoibuka juu ya maji. Ukianza na maji unapata umbo moja. Ukianza na hewa unapata lingine, na mafuta yanajikuta yamesukumwa upande ambao hayakuwapo. Hatua inayofuata inasafirisha kosa hilo, na baada ya muda unaona vipande vya mafuta vimejitenga na mwili wake bila sababu yoyote ya kifizikia. Sababu ni mpangilio wa majina kwenye faili. Mtu aliandika maji, mafuta, hewa. Mwingine angeandika hewa, maji, mafuta, naye angepata tangi tofauti.

Waliowahi kusuluhisha mashamba matatu yanayokutana kwenye bikoni moja wanaielewa hali hii. Huwezi kumpimia wa kwanza mpaka aridhike, ukamfuata wa pili, halafu ukamwambia wa tatu achukue kilichobaki. Mbinu moja iliyotoka Los Alamos katika miaka ya 2000, ya Dyadechko na Shashkov, inajaribu kutenda haki: kwa kila kitu ndani ya kijumba haitunzi ujazo tu, inatunza pia mahali kilipo kituo chake cha katikati, kisha inajaribu mipangilio mbalimbali na kuchagua ule unaokaribia zaidi vituo hivyo. Daftari sasa lina safu mbili: ekari ngapi, na katikati ya shamba ni wapi. Bado si kamilifu pale vitu vitatu vinapokutana kama matawi ya herufi Y, lakini angalau haitegemei nani ameandikwa wa kwanza.

Kuna kosa la upande wa pili pia, na mfano wake unapita chini ya miguu yetu. Bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, linapita Iringa na Mbeya. Lilikamilika mwaka 1968, kwa miaka mingi likabeba mafuta ghafi, na mwaka 2023 likageuzwa kubeba dizeli. Aina moja ya mafuta ikiifuata nyingine ndani ya bomba, hakuna utando kati yake. Zinayeyukiana. Mkondo unavyozikoroga, sehemu ya mchanganyiko inarefuka kadiri safari inavyokwenda, na kazi ya mwendeshaji ni kukadiria urefu wake ili ajue lini afunge valvu hii na kufungua ile. Mtu akileta hapo picha yenye mstari mkali, mzuri, usiotapakaa, amekosea kabisa. Pale uji ndio ukweli. Kwa hiyo kabla hata ya kuchagua mbinu, lazima ujue kama vitu vyenyewe vinakubali kuchanganyika, na hilo programu haitakuuliza. Itapokea chochote utakachoandika.

Wala haitakuuliza uko wapi. Programu nyingi zinakuja na uzito wa hewa wa kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, ambao ni wa pwani. Mbeya, kwenye mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ina karibu kilo moja tu. Kwa tangi la alizeti haidhuru kitu. Kwa feni au bomba la moshi, inadhuru. Nimeona faili za Mbeya zilizojaa hewa ya Dar es Salaam.

Na yapo mambo ambayo hakuna daftari, kigingi wala kibao kinachoyatosha peke yake. Kila nikipita Rungwe na wageni huwa nawapeleka Daraja la Mungu, pale jiwe lililotokana na volkano lilipotanda juu ya mto Kiwira na kuuacha upite chini. Wageni hupiga picha. Mimi huwa nawaza namna ya kuliiga, na kila mara nakwama: lava, maji na hewa, halafu lava yenyewe inageuka jiwe ikiwa njiani, maji yanageuka mvuke pale yanapogusa. Mpaka hausogezwi na mkondo tu. Unazaliwa na kufa kwa sababu ya joto, na kila gramu ya maji inayogeuka mvuke inatanuka ghafla na kusukuma vyote vilivyo jirani. Mbinu zote nilizozieleza zinajua kuusafirisha mpaka. Kuuumba ni hesabu nyingine ya kuongezwa juu yake, na ndipo programu nzuri zinapoanza kulipuka saa nane usiku.

Turudi barabarani. Nilirudia kazi ya mama kwa mbinu ya daftari, vijumba vidogo pale chini tu ambapo mafuta na maji yanakutana, vikubwa kwingine. Ilichukua siku tatu. Niliporudi nilimkuta anachekecha mbegu.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Umeyapata mafuta yangu?"

Nilimwonyesha namba kwanza, picha baadaye. Mwanzo lita 200, mwisho lita 200. Kisha nikamwambia lililobaki, ambalo si la kujivunia: safari hii mstari kati ya mafuta na maji haukunyooka. Kulikuwa na ukanda wa sentimita nne hivi ambao kompyuta haikuweza kusema kwa uhakika hapa ni maji au ni mafuta yenye matone ya maji. Nilikuwa nimeshaandaa maelezo marefu ya kwa nini.

Hakuyahitaji. Aliweka kiganja chake kwenye kioo, kikafunika ukanda ule karibu wote, akageuka kumwita fundi wake wa kuchomelea.

"Koki ziwe mbili," alimwambia. "Ya chini ya kutolea maji. Ya mafuta iwe juu yake, kiganja kimoja."

Fundi akauliza kiganja cha nani.

"Changu," alisema, akarudi kwenye ungo wake.